Mizizi ya Kidole Kimoja

Barabara ya kijiji cha Lodhanpurwa ilikatika alfajiri ya Jumanne, mwanzoni mwa Juni, pale inapopita ukingoni mwa pinda la mto Ghaghra, kaskazini mwa India, na bajaji ya umeme iliyombeba Rinki ikaenda na maji. Rinki alikuwa na uchungu, anakimbizwa hospitali. Dereva aliruka. Mwenye mimba ya miezi tisa haruki. Walimtoa saa tatu asubuhi, amenasa kwenye matete, mtoto bado yumo tumboni.

Inspekta Nirupama Katiyar alipofika saa nne, kijiji kilikuwa kimeshampata muuaji. Bechan Nishad, mvushaji wa mashua, alikuwa amefungwa kamba kwenye mwarobaini, mdomo umepasuka, na waliokuwa wakimpiga walikuwa wamepumzika ili wanywe maji.

"Mfungueni," alisema Nirupama.

"Tukimfungua tutamuua, afande," kijana mmoja alimjibu, tena kwa adabu kabisa.

"Basi akae hapo hapo, na koplo wangu akae naye. Atakayemgusa namfunga kamba hiyo hiyo."

Koplo Ausaf akasimama kando ya mwarobaini, bakora mkononi. Nirupama akayasikiliza mashtaka. Kabla ya barabara, kila aliyetaka kwenda mjini alivushwa na Bechan. Barabara ilipojengwa, mashua yake ikabaki ya kubebea mbuzi. Kwenye kibanda cha chai alisema mbele za watu kwamba Ghaghra itamrudishia abiria wake. Na siku chache zilizopita alionekana ukingoni na jembe.

"Jembe la nini, Bechan?"

"La ngazi, afande. Nachonga ngazi pale nifungapo mashua, watu wasiteleze."

"Watu gani? Abiria huna."

"Leo ninao," alisema Bechan, akatema damu.

Jibu hilo peke yake lilitosha kumnyonga, na umati ulilipokea kwa kelele. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Sundarpati, mama mkwe wa Rinki. Huyu ndiye mkuu wa kikundi cha wanawake kilichopanda nyasi za vetiva ukingo mzima, miaka mitatu iliyopita, ili mto usiile barabara.

"Nimezipanda kwa mikono hii!" alilia. "Barabara yenye vetiva haianguki mpaka mtu aiangushe! Mnyongeni mbwa huyu! Kaniulia watu wawili kwa mpigo!"

Nirupama akamshika bega, akampeleka uani kwake, akamkalisha kitandani. Mtoto wa mama huyu, mume wa Rinki, alikuwa mji wa mbali, Surat, akifanya kazi kiwandani, na bado hakuna aliyethubutu kumpigia simu.

"Pole, mama. Hebu nieleze, hizi nyasi mnazipandaje?"

Sundarpati alijifuta macho kwa upindo wa sari. Alipoulizwa kazi yake, sauti ilinyooka. "Unagawa shina. Majani unakata, unaacha shubiri moja. Mizizi unakata, unaacha kidole kimoja, ndiyo ichipue upya. Ukipanda na mizizi mirefu inaoza. Niliwafundisha wote hapa, na wengine vichwa vigumu mpaka kesho."

"Na inashika baada ya muda gani?"

"Mwaka wa kwanza ni ya kupendeza macho tu. Wa tatu, hata nyati hang'oi."

Nirupama alimwachia mgambo wa kijiji ulinzi wa mwarobaini, akavua viatu, akashuka mtoni pamoja na Ausaf. Koplo alikuwa na mtu wake moyoni.

"Afande, mimi namshuku Pintu, mpwa wa mwenyekiti wa kijiji. Anaiba mchanga kwa trekta. Ukichimba mchanga chini, ukingo utasimama juu ya nini?"

Walifuata alama za magurudumu. Zilianzia mbali chini ya hapo, mto ulikokwisha kupita pinda na kuegemea ng'ambo ya pili. Pintu alikuwa mwizi kweli, ila si wa hapa. Ngazi za Bechan nazo zilikuwa mbali na palipokatika, mwendo wa kumaliza sigara moja, na ukingo wake ulisimama mzima, hata ufa hauna.

"Kwa hiyo si jembe wala si trekta," alisema Ausaf. "Ni Mungu?"

"Mungu tumwache kwanza. Shika hizo nyasi uvute."

Juu ya palipomeguka, mistari ya vetiva ilikuwa imesimama kijani, hakuna pengo. Ausaf alivuta shina moja, likatoka kama figili, nusura aanguke chali. Nirupama akalitazama. Mizizi ilikuwa na urefu wa kidole, imekatwa kwa mundu, na vinyuzi vyeupe vichanga vimeanza kuchungulia. Majani yalionyesha alama ya mkato wa zamani, shubiri moja kutoka shinani. Akavuta la pili, la tatu, yote hivyo hivyo. Akatoka nje ya pinda, akavuta jingine, bega likakaribia kuchomoka na nyasi haikutikisika.

"Mtu ameng'oa pinda zima," alisema. "Amechukua mizizi, vichwa akavirudisha ardhini."

"Mwizi gani huyo anayerudisha?"

Nirupama alikuwa ameinua shina puani. Alizaliwa mjini Kannauj, baba yake alipika manukato maisha yake yote, na mizizi hii ilikuwa ikiingia uani kwao kwa magunia. Harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Tangu Mei alikuwa akiisikia kila asubuhi, asijiulize imetoka wapi.

Alipata jibu barazani kwa mwenyekiti, Jagdamba Singh. Nje jua lilikuwa likichoma macho, lakini kule ndani kulikuwa baridi tamu, kwa sababu kila dirisha lilining'inizwa pazia la mizizi ya vetiva iliyosukwa, na mtumishi alilinyunyizia maji ili upepo wa moto upite hapo upoe. Mei, siku ya kusherehekea barabara iliyokingwa dhidi ya mto, mgeni mkubwa kutoka Lucknow, makao makuu ya jimbo, alikalishwa hapa, akasifu ubaridi kuliko alivyosifu barabara. Waalikwa waliagwa kwa pazia moja moja. La Nirupama lilikuwa dirishani kwake, kituoni.

"Karibu, afande, karibu!" alisema mwenyekiti. "Pazia letu linakutunza?"

"Linanitunza, mwenyekiti. Mapazia haya mliyatoa wapi?"

"Si huko kwenu, Kannauj? Sokoni."

Nirupama alikinga kiganja chini ya pazia. Matone yalishuka na mchanga laini wa kijivu, unaometameta, kama ule uliokuwa umegandia miguuni pake. Kannauj mizizi huoshwa mpaka maji yatoke meupe. Baba yake angemzaba kofi mtu wa kumletea yenye mchanga. Akakunja kiganja, akaomba watu wote waitwe hapo barazani, na Bechan aletwe.

Saa kumi walikuwa wamejaa mpaka vizingitini. Nirupama aliweka mezani mashina mawili ya vetiva, yamechimbwa kwa jembe nje ya pinda na mizizi yake mirefu, na mundu mmoja. Akamfungua Bechan mkono wa kulia.

"Bechan, liandae hilo tulipande."

Mvushaji akamtazama kama anayetazama mwendawazimu. Akachukua shina zima, mizizi ikiburuzika, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Watu wakacheka.

"Mpumbavu hata kupanda hajui," alisema yule kijana wa asubuhi.

"Hajui," alisema Nirupama. "Mama Sundarpati, hebu mwonyeshe."

Sundarpati alikuwa ameketi sakafuni, macho yamekauka. Akapokea shina la pili na mundu bila kufikiri. Mikono ikaenda yenyewe: ikapima shubiri, ikakata majani, ikapima kidole, ikakata mizizi. Nirupama akatoa mfukoni shina alilong'oa pindani, akaliweka kando ya lile. Yalilingana kama ndugu wa tumbo moja.

Mundu ukamponyoka Sundarpati.

"Mwizi huacha mashimo," Nirupama alisema. Hakuipandisha sauti, na moyoni alijichukia. "Huyu hakuacha hata moja. Alikata kwa kipimo, akapanda upya, akamwagilia. Huyu aliipenda barabara. Mama, nani mwingine hapa anaipenda hivyo?"

Mtumishi aliendelea kunyunyiza maji madirishani kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

"Mwenyekiti alisema mgeni anataka ubaridi," Sundarpati alianza. "Alisema mapazia yakipendeza, Rinki atapewa kazi kwenye kituo cha kulea watoto. Ana cheti yule mtoto! Miaka miwili anakandika samadi ukutani, na cheti ndani ya sanduku. Nikasema, pindani mizizi ni mingi. Aprili yote tulimwagilia vile vichwa. Mitungi alikuwa akibeba yeye, na tumbo lake. Akaniuliza, 'Mama, itashika?' Nikamwambia itashika kabla ya mvua." Akainua viganja, akavitazama. "Mvua imewahi."

"Kazi aliipata?"

"Aliambiwa asubiri ajifungue."

Mwanamke mmoja akaangua kilio. Nirupama akamgeukia mwenyekiti.

"Mimi niliagiza mapazia," alisema Jagdamba Singh, mikono kifuani. "Sikumwambia mtu ang'oe barabara. Mizizi inauzwa sokoni."

"Mchana uliniambia uliyanunua Kannauj."

"Nilichanganya. Uzee, afande."

Wawili watatu walicheka kwa mazoea, kisha wakaona aibu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Kijiji hiki kilijua siku zote ni nguo gani, na bado kilikwenda kumfunga kamba mwenye mashua.

Ausaf alimfungua Bechan. Hakuna aliyemwomba radhi. Yule kijana alijifuta mikono kwenye shati lake, akatazama kando. Ndipo ilipowajia wote kwamba maiti lazima ifikishwe mjini kwa daktari, na barabara haipo.

"Pandeni," alisema Bechan.

Wakavuka wakati jua linateremka: Rinki ndani ya shuka, askari wawili, Sundarpati miguuni mwa maiti. Katikati ya mto akasema, "Bechan, nilisema wakunyonge."

"Nilisikia."

"Huna la kuniambia?"

"Keti katikati, mama. Mto umejaa."

Kesho yake asubuhi simu ililia kituoni. Mkubwa wa Nirupama wilayani alikuwa ameshapata salamu za mwenyekiti.

"Kesi nzuri, Katiyar. Aliyekata amekiri, imekwisha. Huyo mzee mwache. Kuagiza pazia si kosa, na pazia lenyewe liko wapi? Nasikia barazani kwake kuna mapazia ya kitambaa tu."

"Tangu lini, mheshimiwa?"

"Tangu leo," alisema mkubwa, akakata.

Nirupama alikaa. Kupitia ukuta alimsikia Sundarpati katika mahabusu, hakulia tena, alikuwa akiuliza tu kama mwanawe ameshapanda treni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kunyonga walijua sana, haki ndiyo iliyowashinda.

Joto lilikuwa limeanza kupanda. Ausaf, kama kila asubuhi tangu Mei, alichukua kopo, akanyunyizia maji pazia la dirishani. Chumba kikajaa harufu ya mvua ya kwanza. Matone yakadondoka sakafuni, ya kijivu, yakimetameta.

"Lishushe," alisema Nirupama.

"Afande, utaungua humu."

"Lishushe, ulifunge, ulitie lakiri. Ni kielelezo cha kesi."

Ausaf alilikunja taratibu, akachukua kalamu. "Niandike limepatikana wapi?"

"Kwa Inspekta Nirupama Katiyar. Andika nilikutwa nalo mimi."

Kalamu ikasita hewani. "Afande, utapoteza kazi."

"Andika. Na mstari wa chini yake andika jina la aliyenipa."