Chupa ya Kifuniko Cheusi

Siku ya kwanza Marsiana alidhani ni mvuke wa sufuria. Chupa zote alizochemsha asubuhi zilikuwa zimekauka rafuni, isipokuwa ile yenye kifuniko cheusi. Hiyo ilikuwa inatoka jasho. Akaifuta, na kitambaa kikabaki na harufu ya udi.

Zilikuwa chupa za mitumba, za kioo, zenye mdomo mpana. Alizinunua sokoni kwa mwanamke aliyekuwa anauza vyombo vya shangazi yake, marehemu, aliyeishi Kasanga kule ziwani. Yule mwanamke alimpakilia zote kwenye boksi akaondoka upesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Marsiana alizihitaji kwa sababu ya Rozina. Rozina alikuwa mke wa Sebastiani, mdogo wake Felisian, na Felisian ndiye mume wa Marsiana. Nyumba zao zilitazamana katika uwanja mmoja pale Katandala, na mama mkwe wao, Bibi Lucia, alikaa chumba kilichojengwa katikati yao. Rozina ndiye aliyeanza kuhifadhi mboga za bustanini kwa siki na chumvi. Majirani walikuja kulitazama jiko lake. Bibi Lucia alikula kwake kila siku.

Basi Marsiana naye akapanga zake: karoti, maharage machanga, kabichi yenye pilipili. Bibi Lucia akachungulia.

"Zimependeza," akasema. "Rozina amekufundisha vizuri."

"Ndiyo, mama," Marsiana akajibu, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Alipobaki peke yake, sauti ya kike, ndogo, ikamwambia karibu kabisa na sikio: *Kwani yeye ana nini?*

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Angepiga kelele, lakini swali lile lilikuwa lake. Alikuwa amelibeba miaka mingi. Akajibu kwa kunong'ona, "Hana kitu."

Kesho yake vifuniko vya chupa za Rozina vilifyatuka, na povu jeusi likatiririka ukutani likinuka kama panya aliyeoza. Marsiana alimsaidia kumwaga. Alisema pole, na pole ile ilikuwa tamu mdomoni. Baadaye bustani ya Rozina ikanyauka wakati ya Marsiana, iliyotenganishwa nayo na mfereji tu, inastawi. Kisha vidole vya Rozina vikavimba hata asiweze kushika kisu. Hospitali walipima, hawakuona ugonjwa. Bibi Lucia akahamia kula kwa Marsiana, akamsifia mboga, na Marsiana alikuwa na furaha. Lazima isemwe hivyo, alikuwa na furaha kweli. Kila mchana aliipangusa ile chupa, ikamwuliza, naye akajibu.

Jioni moja ya upepo baridi, Felisian alirudi kutoka shambani, akamnyanyua binti yao, Angela.

"Huyu ndiye raha yangu," akasema. "Nikimwona huyu, uchovu wote kwisha."

Marsiana akacheka. Ndipo rafuni kukasikika, polepole: *Na huyu? Ana nini?*

Hakujibu, akaziba masikio, lakini sauti ikaendelea kuuliza ndani ya viganja vyake, na harufu ya udi ikajaa jikoni mpaka macho yakamwasha, na katikati ya harufu ile akahisi, kwa kitambo kidogo tu, jambo ambalo mama hapaswi kulihisi, kwamba ni kweli, mume wake hakuwahi kumtazama yeye hivyo. Hakufungua mdomo. Lakini jini wa ile chupa alisikia.

Asubuhi Angela aliamka analia. Vidole vyake vilikuwa vimevimba.

Marsiana alikimbilia kwa Bibi Lucia.

"Mama, kuna mtu jikoni kwangu."

"Nani?"

"Simjui. Huwa naongea naye."

Bibi Lucia aliinuka na rozari mkononi. "Padre tutamwita," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kwanza mtu aende Mwimbi akamlete Maganga, yule mganga."

Mzee Maganga alifika mchana kwa bodaboda. Alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kiti.

"Huyu hana nguvu mpaka ajibiwe, hata kwa moyo tu. Nani alimjibu?"

"Mimi," Marsiana akasema.

"Ulimjibu kuhusu nani? Mwite huyo mtu aje asikie."

Rozina akaja, mikono imefungwa vitambaa. Marsiana akapiga magoti mbele yake na kuanza kusema, na alipoanza tu chupa zikaanza kugongana rafuni, moja baada ya nyingine, zikipasuka na kumwaga siki, na sauti ile ikalia ikimwita kwa jina, ikimbembeleza, ikimwambia hakuna mwingine aliyewahi kumwelewa, naye akaendelea kusema, jinsi alivyofurahia povu jeusi, jinsi alivyofurahia vidole vile, mpaka alipofika kwa mwanawe na kusema hilo pia, ndipo ile chupa ya kifuniko cheusi ikapasuka, na upepo wenye udi ukapita katikati yao ukatoka nje.

Sakafuni karoti zilikuwa zimelala ndani ya siki. Kila kipande kilikuwa kimeota ukucha.

Maganga akavichoma. Angela alipona kabla ya jua kuzama. Rozina alichukua muda, mpaka wakati wa kuvuna ulezi. Marsiana alimpelekea karoti mbichi na majani yake. Rozina alizipokelea mlangoni.

"Nimekusamehe, Mama Angela," akasema. "Ila jikoni kwangu usiingie."

Bibi Lucia akarudi kula kwa Rozina. Jumapili moja baada ya misa, Marsiana akiwa anamenya viazi, aliwasikia wote wawili wakicheka ng'ambo ya uwanja. Moyo ukamchoma. Akageukia rafu haraka, akisikiliza, akiomba walau safari hii asikie ile sauti.

Jikoni kulikuwa kimya kabisa.