Shada kwa Panya wa Tsukuba

Friza ya tatu ilifunguliwa saa nne na dakika mbili asubuhi.

Sauti ya Mkuu wake wa upelelezi ilimjia Nagisa Torikai kupitia kipokea sauti kidogo kilichojificha sikioni. "Chupa imetoka. Mwizi yuko hapo hapo ulipo."

Torikai hakugeuka. Alisimama uani kati ya wanasayansi arobaini wa maabara moja ya Tsukuba, Japani, suti nyeusi, kichwa chini. Ilikuwa siku ya kuwaombea panya waliokufa kwenye majaribio. Maabara ilikuwa tupu. Mwizi alichagua vizuri.

Ndani ya chupa ile mlikuwa na bakteria wa udongo. Walitoa kemikali inayozuia vimeng'enya vya histoni, protini zinazoviringishiwa DNA, vile vinavyofungia jeni za kupambana na saratani. Dokta Mizoguchi alichimba udongo miaka kumi na moja kuwapata. Akiba nyingine zote zilikutwa jana zimeyeyushwa. Wagonjwa kumi na wanne wa saratani ya damu waliisubiri dawa itokanayo na kemikali hiyo. Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kuizika, ili dawa yake ghali iendelee kuuzwa.



"Mlango mkuu?" Torikai alinong'ona.

"Hakuna aliyepita."

Basi alitokea mlango wa dharura, kusiko na rafu ya kubadilishia viatu vya ndani na vya nje. Torikai akatazama miguu.

Viatu vyeusi. Viatu vyeusi.

Ndara za kijani za maabara.

Mtu wa Tsukuba hatoki nje na ndara za ndani hata nyumba ikiungua. Huyu alikuwa na haraka kuliko moto.

Alikuwa Mwalimu Soejima, naibu mkurugenzi. Alikuwa akiweka shada la maua mbele ya jiwe la ibada. Moshi wa ubani ulipanda juu. Kwenye shada ulitoka moshi mwingine, mweupe, ukashuka chini.

Barafu kavu, ya kuiweka chupa katika baridi.

Dereva wa duka la maua, aliyekuwa akingoja kando, akalinyakua shada, akakimbilia Toyota HiAce yake. Torikai alimpiga teke la goti. Dereva akaanguka. Torikai akamgusa shingoni na kifaa cha umeme.

Akatulia.

"Dada, unaharibu ibada," Soejima alisema. "Nawaombea panya wangu."

"Panya wako wana haya kuliko wewe, Mwalimu."

Mizoguchi alilipasua shada, akaichungulia chupa. "Bado imeganda," akasema, na mbio kuelekea kwenye friza.

Mkuu aliagiza Soejima apitishwe mlango wa nyuma, kimya kimya. Ni mtu mkubwa, alisema, ana jina lake.

Torikai alikichomoa kile kipokea sauti, akakitia mfukoni. Akamkamata Soejima ukosi, akamtembeza polepole katikati ya wenzake arobaini.

Hakuna aliyemwinamia kwa heshima.

Getini alimkabidhi kwa polisi, akafunga kifungo cha koti, akaenda zake stesheni kwa miguu.