Ndoo Nyekundu ya Mashine ya Kusaga

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya migomba ya kijiji cha Ilomba, Tusekile alimpelekea baba yake uji kwenye mashine ya kusaga mahindi. Baba yake, Asukile, ndiye aliyeiendesha mashine hiyo mwaka ule wa 1954. Ukutani, karibu na injini ya dizeli, ilining'inia ndoo nyekundu yenye kifuniko, imejaa mchanga mkavu uliochekechwa ukawa laini kama unga.

"Huo ni wa moto wa mafuta," baba alizoea kusema. "Mafuta yakiwaka hayazimwi kwa maji."

Tusekile aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alijisemea: moto ni moto, na adui yake ni maji. Nani asiyelijua hilo?

Pasaka ikakaribia. Akina mama wa Ilomba wakashindana kung'arisha masufuria, maana mgeni wa sikukuu hutazama sufuria kabla ya kuonja mchuzi. Lakini mvua za masika zilikuwa zimefurisha kijito, na mchanga wa kusugulia umezama wote. Mama akamtuma Tusekile akautafute mbali, kule darajani. Binti akaiona njia ni ndefu, na ndoo ya baba i karibu. Jioni, baba alipotoka nje kuwaaga wateja, Tusekile aliumimina mchanga katika beseni lake, akaijaza ndoo maji, akaifunika.

"Sasa ndoo ni bora zaidi," akajifariji.

Masufuria yaling'aa kama kioo. Mama akamsifu, na sifa ile ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi iliyofuata, Tusekile alipoleta uji, baridi ilikuwa kali, na injini ikagoma kuwaka. Mama Yudith, jirani aliyewahi na debe lake la mahindi, akacheka. "Shemeji, mashine yako na ng'ombe wangu mzee ni ndugu. Asubuhi lazima wabembelezwe."

"Wako anakula bure, mama. Huyu anasaga," Asukile akajibu, huku akiwasha tambara lililofungwa kwenye kijiti ili aipashe injini joto.

Kipande cha tambara kikadondoka katika karai la mafuta ya taa, alimokuwa ameoshea nati. Ndimi za moto zikainuka. Asukile akalirukia dumu la dizeli, akaliburuta mbali.

"Mama Yudith, ndoo nyekundu hiyo nyuma yako. Mwagia karai."

Mama Yudith akaitungua ndoo na kuifunua. Kwake yeye, maji kuwa ndani ya ndoo ya kuzimia moto halikuwa jambo la ajabu. Tusekile peke yake ndiye aliyejua kwamba baba alitarajia mchanga. Angenyamaza, kosa lake lingemwagika pamoja na maji yale, lisijulikane milele. Lakini ikiwa maneno ya baba ni kweli, je?

"Baba," akasema, "humo mna maji. Mchanga niliuchukua mimi."

Asukile akageuka. "Usimwage, mama. Weka chini. Tusekile, chovya gunia tupu humo ndooni, upesi."

Tusekile akachovya. Baba akalikamua gunia lisidondoshe maji, akalishika mbele yake kama ngao, akalilaza taratibu juu ya karai. Moto ukakosa pumzi, ukafa. Kumbe cheche ilikuwa imeruka kwenye gunia la pumba, nalo likaanza kuwaka.

"Na hili?" Mama Yudith akauliza.

"Hilo limwagie maji yote."

"Mara usimwage, mara mwaga," akanung'unika, akamwaga. Pumba zikafuka moshi, zikazimika.

Walipotulia, Asukile akatia maji katika bakuli, akadondosha juu yake mafuta ya taa.

"Yapi yako juu?"

"Mafuta, Baba."

"Basi ungaliyaona yakielea juu ya maji hayo huku yanawaka, yakitiririka hadi miguuni pa Mama Yudith. Pumba, mbao na nyasi hunywa maji zikapoa. Mafuta huzimwa kwa kufunikwa, yanyimwe hewa. Hata mitungi myekundu ya kuzimia moto iliyoko gereji mjini si ya namna moja. Mmoja hutoa maji, mwingine hutoa povu la kufunika mafuta. Anayeushika mtungi bila kuuliza ni kitu gani kinachowaka, ni sawa na mganga anayetoa dawa kabla ya kumwona mgonjwa."

Siku hiyo Tusekile aliifuata ile njia ndefu ya darajani. Akaleta mchanga, akaukaanga karaini hadi ukakauka, akauchekecha, akaijaza ndoo. Baba akaitundika mahali pake.

"Bado umenikasirikia, Baba?" akauliza.

"Kwa mchanga, ndiyo, nimekasirika," Asukile akasema. "Kitu kilichowekwa kwa ajili ya hatari hakiguswi kwa starehe, hata kama sikukuu iko mlangoni. Lakini likumbuke na hili, mwanangu. Leo ndoo haikuwa na mchanga, na Mungu akatuokoa kwa ulimi wako uliosema kweli. Nao ulimi, kama mchanga huo, hufaa ukiwa tayari kabla moto haujawaka. Kesho nenda ukamweleze mama yako masufuria yake yaling'aa kwa nini."

Tusekile hakungoja kesho. Alikwenda jioni ile ile.