Njia ya Ndege Nyuma ya Ramani

"Hivi ndege ikifika pale ramani inapoishia, inakwenda wapi?"

Swali hilo aliuliza Mama Marcienne, jirani Mrundi, jioni moja alipokuja kuomba kaa la moto kwa Mama Perpétue, katika zoni ya Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Vanessa, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa anaosha sahani uani. Alicheka mpaka sahani ikamponyoka.

"Mama Marcienne, ramani ikiisha, dunia nayo imeisha!"

"Ehe! Na wale wanaokaa pale mwisho, hawaanguki?" Mama Marcienne alicheka pia, akachukua kaa lake, akaenda zake.

Vanessa aliishi na shangazi yake, Mama Perpétue, mjane aliyekimbia kutoka Kivu Kusini, Kongo. Kila asubuhi Vanessa alichota maji, akafagia, kisha akaenda shule. Shangazi alisokota kamba za migomba za kuuza katika mji mdogo wa Kaberebere siku ya soko. Kamba hizo alizizungusha mpaka zikawa madonge makubwa, ya mviringo na magumu. Mikono yake haikupumzika ila wakati wa sala.

Jioni hiyo Vanessa alikuwa na furaha kubwa. Kesho yake gari lingekuja kumchukua kwenda Mbarara kwenye shindano la jiografia. Kila shule ilipeleka mwanafunzi mmoja tu. Baada ya shindano, watoto wote wangepelekwa kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, wapande ngazi na kuchungulia ndani ya ndege. Tangu utoto wake Vanessa aliziona ndege zikipita juu, ndogo kama sindano. Hakuwahi kuigusa hata moja, wala hakuwahi kufika mbali kupita Kaberebere.

Swali la shindano lilitumwa shuleni mapema, nalo lilikuwa gumu. Kama ndege ingeruka moja kwa moja kutoka Punta Arenas, mji wa mbali kusini mwa Chile, hadi Invercargill, kusini mwa Nyuzilandi, njia fupi ingepita wapi? Shuleni kwao ramani ya dunia ilichorwa kwa rangi kwenye ukuta wa darasa, Afrika ikiwa katikati. Chile ilikuwa mwisho wa kushoto, Nyuzilandi mwisho wa kulia. Vanessa alivuta uzi kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, ukapita chini ya Afrika. Alipima vizuri, akapiga hesabu, akapata zaidi ya kilomita elfu ishirini.

Msichana mpole, Élyse, ndiye pekee aliyesema, "Mimi naona hizo nchi zinakaribiana kwa upande wa nyuma."

"Nyuma wapi?" Vanessa alimdhihaki. "Ndege yako itatoboa ukuta, itokee jikoni kwa Madamu?"

Darasa zima lilicheka. Élyse aliinamisha kichwa. Mwalimu wao, Madamu Mbabazi, hakuwa na jibu la shindano, lakini aliupenda upimaji safi wa Vanessa. Akamchagua.

Sasa, Mama Marcienne alipokwisha kuondoka, swali lake halikuondoka. Hawaanguki? Vanessa alifuta mikono, akachukua donge moja la kamba na kipande cha kaa lililozimika. Alizungushia donge mstari katikati, akachora Afrika, kisha akafuata nchi nyingine kama alivyozikumbuka ukutani. Palipokuwa na Chile alichoma mwiba. Palipokuwa na Nyuzilandi alichoma mwingine. Halafu akaligeuza donge.

Miiba yote miwili ilikuwa upande mmoja, ikitazamana! Bahari ya kushoto na bahari ya kulia zilikuwa bahari moja. Alivuta uzi kati ya miiba, ukateleza wenyewe kuelekea kusini, karibu na nchi ya barafu. Uzi wa kupitia upande wa Afrika ulikuwa mrefu zaidi ya mara mbili.

"We Vanessa! Unapaka kamba yangu makaa? Nani atainunua?" shangazi alimaka.

"Tantine, angalia! Chile na Nyuzilandi ni majirani kwa mgongo!"

Mama Perpétue alilishika donge, akalizungusha polepole. Uso wake ukang'aa. "Mungu aliumba fasi kubwa, dunia kubwa kweli. Na mwenzako ule uliniambia mlimcheka, Élyse, si ndiye alisemaka vile?"

Vanessa aliuchomoa mwiba mmoja, akauchomeka tena palepale. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kesho nitasema hili jibu jipya. Kule Mbarara hakuna atakayejua."

"Mungu atajua. Na Élyse atajua."

"Lakini Tantine, ndege..."

"Miye siendi kukusemea kwa mwalimu. Kinywa ni chako." Shangazi alimrudishia donge, akaendelea kusokota kamba.

Asubuhi gari lilikuwa limeshafika, limesimama mbele ya darasa. Vanessa aliingia darasani akiwa amekumbatia donge.

"Haya, Vanessa, panda gari," alisema Madamu Mbabazi.

"Madamu, jibu langu si kweli. Jibu la kweli alilisema Élyse, mimi nikamcheka." Akawaonyesha wote miiba miwili na uzi. "Élyse, unisamehe. Nafasi hii ni yako."

Madamu Mbabazi alilitazama donge, akautazama ukuta, akalitazama donge tena. "Kale, sawa," akasema. "Na mimi nilikosa. Niliangalia uzi ulionyooka, sikumsikiliza mtoto aliyefikiri. Élyse ndiye atakwenda."

Kisha akawageukia wanafunzi. "Watoto, sikieni vizuri. Kupima vibaya si aibu, mtu anapima tena. Aibu ni kuujua ukweli na kuuficha ili upate kiti cha mwenzako. Vanessa angeweza kwenda na jibu hili, na sisi sote tungempigia makofi. Amekubali kubaki. Nimefundisha miaka mingi, na leo mimi ndiye nimefundishwa. Kuweni kama yeye."

Dereva alipiga honi. Élyse alisimama, akiwa bado haamini.

"Shika," Vanessa alimwambia, akimwekea donge mikononi. "Wakisema huwezi kupita nyuma, wazungushie."

"Na wewe? Ndege hutaiona?"

"Utaigusa kwa ajili yetu wawili. Utanieleza kama ni ya moto ama ni ya baridi."

Élyse aliitikia kwa kichwa. Akalibana donge kifuani, akatoka, akapanda gari.