Mapigo ya Kidole Gumba

Kwanza kabisa, majeruhi yule hakuwa na vumbi. Pikipiki yake ilikuwa imepondeka chini ya lori, barabara nzima vioo na oili, yeye kalala kando na shati jeupe pee, ananukia marashi. Watu walimzunguka, na kila mmoja kawa daktari.

"Mpeni maji!"

"Mpisheni hewa, jamani!" muuguzi wa gari la wagonjwa akawafokea, akapiga magoti. Kwa ile haraka, akambana shingoni kwa kidole gumba kumpima mapigo. Na yeye ndiye aliyekuwa akiwagombeza wanafunzi kila siku: kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, kitakudanganya! Basi akahisi mapigo, akafurahi. "Yu hai! Shemeji, lete machela!"

Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Walimwita Honi, maana hupiga honi hata uani kwake. Wakampakia majeruhi, gari likaondoka.

Njiani muuguzi akapima upya kwa vidole viwili, kama inavyotakiwa. Kimya. Akaweka viganja katikati ya kifua, akaanza kukandamiza huku akihesabu kwa sauti. Ndio utaratibu wao: hesabu ikikatika kwa muda, Honi huegesha gari na kuja kumpokea. Kifua kilikuwa baridi kama kimetolewa kwenye friji, na jua lile la mchana!

Alipotua ampe pumzi, moyo wake mwenyewe ukasimama. Macho yakaingia giza. Akarudisha mikono, akakandamiza, ukapiga. Akaacha tena, ukasimama.

Maiti ikafumbua macho.

"Ulinipa mapigo yako kwa kidole kile," ikanong'ona, marashi yakijaa garini. "Sasa anayenikandamiza hathubutu kuacha. Ukiacha, unakufa. Au mwite mwenzako akupokee."

"Mwenzangu ana mtoto mchanga," muuguzi akanong'ona katikati ya namba.

"Basi hesabu."

Akahesabu, jasho likimwingia machoni, mabega yakiwaka moto, magoti yakiteleza kila gari lilipokata kona, akitamani kupiga kelele kwamba shemeji asije huku nyuma, lakini akijua neno lolote lisilo namba Honi atalidhania wito, kwa hiyo akazidi kuhesabu, na sauti ikaanza kukwaruza, ikawa mnong'ono, kisha ikakauka kabisa.

Gari likasimama. Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Shemeji yangu, umechoka hoi. Nipishe."

Akatikisa kichwa. Honi akadhani ni ubishi wake wa kila siku, akamsogeza kwa bega, akaweka viganja vyake. Moyo wa muuguzi ukaanza kwenda wenyewe, na loo, alifurahi! Alifurahi kabla hajaona aibu.

Honi akasita kidogo, uso ukampauka. "Shemeji, mbona moyo wangu..."

"Usiache!" akakwaruza. "Usiache hata kidogo!" Akakimbilia usukani.

Hospitali ikaonekana, mlinzi akafungua geti. Ndani, daktari angeitazama maiti ile mara moja tu na kusema maneno yake ya siku zote: basi, acheni, ameshafariki. Na wangemtoa Honi mikono kwa nguvu.

Akalipita geti bila kuingia.

"Tumefika, shemeji?" Honi akauliza, akihema.

"Bado kidogo," akajibu, machozi yakimtiririka. "Wewe hesabu."

Huko nyuma, sauti mbili zikaendelea kuhesabu.