Piga Hodi Kabla ya Kuchora

Kila asubuhi mtaa uliamshwa na nyundo ya Fundi Geti. Alitengeneza mageti na madirisha ya chuma mbele ya nyumba yake, huku akimtania kila apitaye. Lakini wiki ile hakumtania mtu. Alichomelea kimya, na dirisha moja alilitoa limepinda.

Wasiwasi wake ulikuwa binti yake. Tangu utotoni binti huyo alipenda kuwapanga wenzake foleni, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kiranja. Sasa chuo kikuu kilikuwa kimemkubali kusomea mipango ya jamii na makazi. Alitakiwa kuthibitisha kabla ya Ijumaa jioni. Asipothibitisha, nafasi ingepewa mwingine. Naye hakutaka kuthibitisha bila ridhaa ya baba.

"Daktari anatibu, mwalimu anafundisha," baba alisema wakila. "Wewe utafanya nini?"

"Nitasaidia watu kupanga wanapoishi, baba. Njia, maji, shule, mahali pa watoto kucheza."

"Hao ni wale wale wenye rangi nyekundu."

Mama aliacha kula. Aliijua habari hiyo. Zamani, kabla Kiranja hajazaliwa, fundi alirudi kutoka kazini akakuta alama nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yao. Hakuna aliyekuwa amewauliza neno. Nyumba ilibomolewa. Tangu hapo, akimwona mtu mwenye ramani, moyo ulimwenda mbio.

"Mtoto wangu hatazunguka kwenye nyumba za watu na kopo la rangi," alisema. Kiranja akakusanya vyombo. Usiku ule usingizi haukumjia.

Alhamisi mambo yakaharibika zaidi. Vigingi vya mbao vilionekana vimepigwa kando ya njia. Kimoja kilisimama kwenye jiko la Bibi Mkaa, mjane aliyeuza mkaa kwa kopo jirani na fundi.

"Yametufika," alisema Bibi Mkaa, akakaa juu ya gunia lake. Fundi alizima mashine.

Mchana alikuja mwanamke mwenye ramani kwapani. Alipiga hodi nyumba baada ya nyumba, akawaomba watu wakutane kwa fundi.

"Mimi ni afisa mipango wa manispaa," alisema. "Vigingi vimefika kabla yangu. Hilo ni kosa letu, mtuwie radhi. Tunafikiria kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Bado hatujaamua. Nimekuja kuwauliza."

"Utatuuliza nini na mmeshachora?" fundi alisema.

"Nimechora kwa penseli, mzee wangu."

Alitandaza ramani kwenye meza ya fundi. Fundi aliitazama kwa hofu, kisha kwa hasira, kisha akainama.

"Maji hayapiti hapa," alisema. "Yanapita nyuma, kwenye kiwanja kitupu. Mvua ikinyesha, vyuma vyangu naviokota huko."

"Na magunia yangu," aliongeza Bibi Mkaa.

"Na maji yenyewe yanajaza kopo kuliko wewe unavyotujazia mkaa," mtu mmoja alimtania. Watu wakacheka kidogo.

Afisa alikwenda nyuma kukagua. Aliporudi alifuta mstari, akachora mwingine kupitia kile kiwanja, ambacho kilikuwa cha manispaa. "Wapimaji watahakiki," alisema. "Lakini jiko la bibi tunaliacha."

Fundi aliutazama ule mstari mpya. "Kumbe mstari huhama?"

"Huhama, watu wakiulizwa mapema. Hii ndiyo kazi niliyosomea."

Kiranja alisogea. "Nami nimekubaliwa kuisomea. Mnasoma nini huko?"

"Kusoma ramani na takwimu. Sheria za ardhi. Mazingira. Kuendesha mikutano na kusikiliza watu. Tena mnatoka darasani, mnakwenda mitaani kujifunza."

"Na akimaliza?" baba akauliza. "Asije akakaa nyumbani akitazama cheti."

"Wengine tuko manispaa. Wengine wako kwenye idara za maji, barabara na mazingira, au kampuni za ujenzi wa nyumba. Wapo kwenye mashirika yanayosaidia watu waliokumbwa na mafuriko. Wapo wanaofundisha na kufanya utafiti. Siwezi kukuahidi ajira; ajira hutafutwa. Lakini milango ni mingi."

"Na kubomolea watu?"

Afisa hakukwepa. "Kuna wakati watu huhamishwa. Hapo ndipo anahitajika mtu wa kuhakikisha wameambiwa mapema, wamesikilizwa na wamelipwa haki yao."

Fundi alirudi kwenye mashine yake. Ijumaa alishinda kazini. Jua lilianza kushuka. Kiranja alikaa mlangoni, simu mkononi. Mwishowe baba alinawa mikono, akaja akasimama mbele yake.

"Thibitisha," alisema. "Ila sikia. Ukitumwa kwenye nyumba ya mtu, piga hodi kwanza."

Mtaro ulichimbwa nyuma, na Bibi Mkaa bado anapika jikoni kwake. Kiranja yuko mwaka wa pili. Juzi alipiga simu akiwa kwenye mafunzo mitaani.

"Baba, leo mzee mmoja ameona ramani, akatufungia mlango."

Fundi alishusha nyundo. "Ukafanya nini?"

"Nikaiweka ramani chini, nikapiga hodi tena."

"Akafungua?"

"Amefungua. Tuko naye, anatuonyesha maji yanapopita."

Fundi aliegemea geti alilokuwa akitengeneza.

"Mwambie," alisema, "baba yako anamsalimu."