Mlo wa Bi Lusiana

Haya yalimkuta rafiki yangu Winfrida wa Nachingwea, mwaka ule wa mvua za El Nino. Alikwenda Mbekenyera kufuata mbegu za ufuta kwa Bi Lusiana, aliyechezwa unyago pamoja na bibi yake Winfrida. Bibi alishazikwa zamani, lakini Bi Lusiana bado alikuwa na ngozi ya mwali.

"Bibi, kwani wewe unakula nini?"

"Ugali wa mtama, mlenda, karanga. Sukari siijui, mjukuu wangu, na jua likizama nalala. Karibu tule."

Wingu lilikuwa limefunga, jikoni giza. Wakala sahani moja. Bi Lusiana alipotafuna karanga kwa meno yake meupe, Winfrida akasikia chumbani kule ndani nako kunatafunwa, polepole, kwa fizi, kama kizee asiye na jino hata moja. Bi Lusiana akiacha, na kule kunanyamaza.

"Nani yumo humo, bibi?"

"Naishi peke yangu. Kula, upendeze."

Kukataa chakula cha mkubwa ni tusi, na ile ngozi aliitamani. Akala mpaka akafuta sahani.

Leo miaka kumi imepita, na kila mtu anamsifu Winfrida kwamba hazeeki. Mwenyewe sifa hazimkai. Akila, lazima sauti ya redio iwe juu. Juzi betri zilimwishia katikati ya mlo, akashtuka, akaacha kutafuna.

Chumbani kwake, nyuma ya pazia, fizi zikaendelea.